Mnaoiponda John Wick 4 eti "steringi hafi": mliimaliza au mlitolewa na mpira?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, na mods naomba msiusogeze uzi huu kule kwenye vichekesho.

Kuna watu hapa Kigoma, kuanzia Mwanga mpaka Ujiji, wamejipa kazi ya kuiponda John Wick: Chapter 4 kila inapotajwa. Ukienda saluni unayakuta, ukipanda bodaboda dereva naye ana lake. Humu jukwaani ndiyo usiseme. Wimbo wao ni uleule: "Uongo mtupu. Jamaa anagongwa na magari, anaanguka kutoka ghorofani, anamiminiwa risasi, hafi!"

Haya, tangu lini steringi akafa? Si ninyi mliokuwa mkiruka juu ya mabenchi Schwarzenegger alipomaliza jeshi la kisiwa kizima peke yake kwenye Commando? Muvi ya Kihindi, mtu anapigwa ngumi moja anazunguka hewani kama feni, mnapiga miluzi na kuomba irudishwe nyuma. Leo mzee Keanu Reeves anainuka baada ya kugongwa na gari, ghafla wote mmekuwa madaktari wa mifupa.

Lakini hilo bado ni dogo. Kilichonitoa povu ni kwamba wengi wenu hamjaiona hiyo muvi. Nasema hivyo kwa sababu nilikuwemo kwenye kibanda cha video walikoionea.

Muvi hii ina dakika 169. Mwenye kibanda kaiweka saa kumi na mbili na nusu jioni, siku ambayo ana mechi ya saa tatu usiku. Hesabu ya darasa la tatu inatosha kujua kwamba haiwezi kuisha. Tumelipa mia tano zetu, tumebanana kwenye joto, tumefika Paris, John anapanda zile ngazi 222 za kwenda Sacré-Cœur, kapigwa teke, anabingirika kurudi mpaka chini kabisa, na jua linakaribia kuchomoza. Hapo ndipo mwenye kibanda akahamishia kwenye mpira! Wenye mikeka ya kubeti wakashangilia. Mimi nilipodai angalau nirudishiwe nusu ya hela nikaambiwa "muvi si umeshaiona, zimebaki ngumi tu". Zimebaki ngumi tu? Zimebaki ngazi zote, pambano la bastola la mtu na mtu mbele ya kanisa, na mwisho wa safari iliyoanza na muvi ya kwanza mwaka 2014!

Kesho yake nikawasikia walewale, waliotoka John akiwa amelala chini ya ngazi, wanatoa hukumu kijiweni: "Steringi gani anashindwa na ngazi?" Na mwingine: "Tatizo la huyu jamaa hafi." Jamani. Anakufa! Kama hujaiona usinilaumu kwa kukuharibia, muvi imetoka Machi 2023. Anakaa kwenye ngazi, anamtaja mkewe Helen, anaanguka, na mwisho tunaonyeshwa makaburi mawili yamekaa pamoja. Kama kafa kweli au kajificha, hapo tubishane mpaka asubuhi, huo ni ubishi wa watu walioangalia. Wewe uliyetolewa na mpira unabisha nini?

Halafu mtafsiri. Sina ugomvi na muvi za kutafsiriwa, tumekulia kwa Lufufu, yule alikuwa anakufanya uipende hata muvi mbovu. Lakini huyu aliyetafsiri nakala ya kile kibanda, sijui alikuwa anatazama muvi gani. Yule kipofu, Caine, aliyechezwa na Donnie Yen, kamgeuza ndugu yake John waliyepoteana utotoni. Kwenye muvi yenyewe ni rafiki yake wa zamani, na wakubwa wamemlazimisha amuue John, la sivyo binti yake atauawa. Ukilijua hilo, kila anapomkosakosa John unaumia. Usipolijua unasema kama nilivyosikia kijiweni: "Yule kipofu kigeugeu, mara anampiga, mara anamsaidia." Hata kule Osaka, Caine anabandika vikengele jikoni ili vilie adui akipita, apate kujua pa kupiga. Sehemu nzima inategemea masikio! Mtafsiri kaijaza kelele na matani ya mama mkwe.

Na la risasi, kwa wale wa "mbona haziingii": liko wazi tangu muvi ya pili, ya 2017. Alikwenda kwa fundi suti Roma, akashonewa suti yenye kitambaa cha kuzuia risasi, na akaambiwa kabisa kwamba haipenyi ila maumivu utayapata. Ndiyo maana anajifunika uso kwa koti. Ni uongo? Ndiyo, ni uongo, ila una sheria zake na muvi inazifuata. Magazini ikiisha anabadilisha. Ni masteringi wangapi wa zamani mliowaona wakiishiwa risasi?

Mwongozaji mwenyewe, Chad Stahelski, ndiye aliyekuwa akiumia kwa niaba ya Keanu kwenye The Matrix ya 1999. Huyu ni mtu wa kazi ya kuanguka. Ndiyo maana kamera haikatikatiki kuficha kwamba steringi hajui kupigana. Kuna ile sehemu kamera inapaa juu, unaona vyumba vyote kwa mpigo kama paa limeondolewa, na John anapita chumba hadi chumba na bunduki inayotema moto. Jirani yangu pale benchi alikuwa anachagua timu kwenye simu. Huyo naye ana maoni.

Sisemi haina makosa. Ile klabu ya Berlin watu wanakatwa mashoka katikati ya dansi na wacheza dansi wanaendelea kucheza, hapo hata mimi nilisonya. Na Paris nzima hakuna polisi hata mmoja anayeuliza kulikoni. Ponda hayo, nitakuunga mkono. Na ninyi mnaoisifu kwa kuhesabu maiti tu, nanyi mnanikera, basi tu leo si zamu yenu.

Wenye vibanda: kama kuna mechi, andikeni kwenye kibao cha nje kwamba muvi itakatwa, na mtoze mia mbili na hamsini. Au muianze saa tisa mchana, watu tutakuja.

Na wewe unayeandaa "mkuu hiyo ni muvi tu, tulia", kwanza nijibu: kwenye lile pambano la mwisho, raundi ya tatu, John alimpiga Caine risasi ngapi? Usiulize kijiweni.