Malimbuko au malimbikizo?

Shangazi: Habari za asubuhi wapendwa, nawakumbusha wale wenye malimbuko ya michango ya miezi mitatu mmalizane nayo kabla ya jumapili. Ahsanteni

Mjomba: Shemeji malimbuko?? 😂😂 hayo si mazao ya kwanza jamani, yale ya kwenye Biblia

Shangazi: We unayedaiwa kuliko wote ndo unanisahihisha. Kwani si kitu kilekile

Dada Mkubwa: Hapana shangazi, malimbuko yametoka kwenye limbuka, kuonja kitu mara ya kwanza hasa mazao mapya. Yako ni malimbikizo, hayo yanatoka kwenye limbika

Kitinda Mimba: limbika ndo nini, mi najua limbikiza tu kama mwalimu anavyotulimbikizia homuweki

Babu: Limbika ni kungoja kitu kijae. Umechimba kisima, maji yanachuruzika kidogo kidogo huko chini, ukichota sasa hivi unapata tope tupu, basi unayaacha unakaa pembeni mpaka yajikusanye ndo uchote, hapo unalimbika maji. Na matunda unayaacha mtini mpaka yafae, nako ni kulimbika

Kitinda Mimba: Shikamoo babu. Kumbe ni subira sio kukusanya

Babu: Marahaba. Yote mawili mjukuu wangu

Dada Mkubwa: Sasa ukiweka -iza mwishoni mambo yanabadilika, hungoji tena, unaongeza juu ya kingine kwa makusudi, ndo unasikia fulani analimbikiza mali, na mfanyakazi aliyecheleweshewa mshahara miezi na miezi anadai malimbikizo yake. Mi naona limbika ina heshima zake, hii limbikiza ishaingiwa na uchoyo 😅

Mjomba: Na kudunduliza? Maana hilo ndo la kwangu, sarafu leo sarafu kesho

Dada Mkubwa: Kudunduliza unaweka mwenyewe kwa mkono wako kidogo kidogo mjomba, kulimbika kitu kinakuja chenyewe we unakipa muda tu. Kurundika ndo kutupia lundo bila mpango, kama picha kwenye simu ya mama

Mama: Nimekuona

Shangazi: Na akiba nayo?

Dada Mkubwa: Hiyo tumeichukua kwa Waarabu, kwao ni mwisho wa jambo au matokeo yake, sisi tukaifanya kile unachokiweka kije kikufae baadae. Limbika ni letu wenyewe, Kibantu kabisa

Kitinda Mimba: ndo maana haba na haba hujaza kibaba, haikusema ujaze siku moja

Shangazi: Haya nimeelewa, narekebisha. Wenye MALIMBIKIZO wamalizane nayo kabla ya jumapili. Mjomba mtu umesoma?

Mjomba: Shemeji mi bado nalimbika, kisima changu sahivi ni tope

Babu: Jumapili nitakuja kuchungulia hicho kisima mwenyewe

Mjomba: 🏃🏾‍♂️