Mjadala: Bango la Machi 8, tulishone wenyewe au lichapishwe River Road, Nairobi?

Mama wa Kayole:
Wenzangu, Siku ya Wanawake Duniani, Machi 8, ikikaribia, vikundi vyetu huletewa mabango ya plastiki yaliyokwisha kuchapishwa. Nembo ya mfadhili ni kubwa kuliko ujumbe, na maneno yenyewe hatukuulizwa. Mwaka huu tushone letu: kitambaa cha marikani, kila mwanamke na kipande chake, kisha tuviunganishe. Uingereza walifanya hivyo 2018, miaka 100 baada ya baadhi ya wanawake wa huko kupata haki ya kupiga kura. Wasanii 100 walikaa na vikundi vya wanawake wakatengeneza mabango, wakaandamana nayo London, Cardiff, Belfast na Edinburgh. Kwetu hili halina ugeni, leso zetu zimebeba maneno miaka mingi.

Na tuwataje wetu. Mary Muthoni Nyanjiru aliuawa kwa risasi hapa Nairobi Machi 1922, watu wakidai Harry Thuku, mpinga ukoloni aliyekuwa amekamatwa, aachiliwe. Wako pia akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliogoma kula Uhuru Park 1992, Wangari Maathai akiwa nao. Polisi walipowavamia, baadhi yao walivua nguo kuwalaani.

Fundi Kariobangi:
Mama, mimi kushona ndiyo kazi yangu. Nikiacha cherehani ya wateja nishone bure, unga nani atanunua? Halafu Katiba ya 2010 inasema jinsia moja isizidi thuluthi mbili kwenye vyombo vya umma vya kuchaguliwa, Bunge likashindwa kutunga sheria ya kutekeleza hilo. Jaji Mkuu Maraga alimshauri Rais 2020 alivunje, na halikuvunjwa. Kitambaa kitafanya nini hapo? Nipeni nauli niende Bungeni.

Mama wa Kayole:
La unga una haki kabisa. Pesa ya kuchapisha ilipe mafundi, na hilo liandikwe kwenye bajeti kabla uzi haujanunuliwa. Lakini Bungeni utaenda na nani? Wengi kwenye chama chetu hawajawahi kusikia hicho kifungu kikielezwa. Tukishona pamoja mchana kutwa tutakisoma, tutabishana, na mbunge wetu akija kuomba kura atakuta watu wa kumuuliza.

Binti Umoja:
Shikamooni. Januari 2024 tulipoandamana kupinga mauaji ya wanawake, tuliandika majina ya waliouawa kwenye karatasi za manila. Hayo nayo tuyashone? Mimi naona familia ziulizwe kwanza, nyumba kwa nyumba. Ikiwa mzazi hataki, jina la mwanawe lisiguswe, hata kama bango litabaki na pengo.