Rimu na vifuniko vya Hilux ya 1986: seti ipi ndiyo ya kiwandani?

MtotoWaWete
Assalaam alaykum. Hilux ya marehemu baba, 4x4 ya 1986, inarudi barabarani baada ya kukaa chini ya mwembe miaka sita. Bodi nimeshamaliza. Rimu zilizobaki ni za kuokoteza, na mbili zimeliwa na kutu hata hazishiki upepo. Nataka za aina ile ile iliyotoka nayo Japani. Nimeonyeshwa seti tatu:

(a) Mwanakwerekwe. Rimu nne za chuma zilizopigwa rangi ya fedha, na vifuniko vinne vinavyong'aa vyenye nembo ya Toyota. Laki nne na nusu.
(b) Chake Chake. Rimu tano za chuma, kutu ya juu juu, hazina vifuniko. Laki mbili na nusu.
(c) Rimu za aloi, nati sita. Muuzaji anasema ni orijino kwa sababu zina alama ya JWL. Laki sita.

Moyo wangu uko kwenye (a) kwa ajili ya vile vifuniko. Baba alikuwa akivipangusa kila Ijumaa asubuhi. Nishaurini.

Fundi_Kwahani
Waalaykum salaam mwanangu, Mungu amrehemu mzee wako. Usianze na kifuniko. Hicho ndicho kinachodondoka kwanza barabarani, na ndicho kinachonunuliwa tena kwanza. Hebu niambie, nembo yake ni herufi au ni yale maduara?

MtotoWaWete
Maduara, fundi. Matatu yaliyopishana.

Fundi_Kwahani
Basi si vya gari yako. Nembo ile Toyota waliitoa Oktoba 1989. Gari ya 1986 haikutoka nayo kiwandani. Vya wakati wake vina neno TOYOTA limepigwa kwenye bati lenyewe, ukipitisha kidole unalihisi.

Jambo jengine: gari yako ina zile habu za mbele za kufunga kwa mkono, unazozizungusha ili magurudumu ya mbele nayo yavute? Kama unazo, habu inachomoza katikati ya rimu. Kifuniko cha mbele lazima kiwe na tundu kubwa la kuipitisha, cha nyuma ndicho kilichoziba. Hivyo vinne vya Mwanakwerekwe vikoje?

MtotoWaWete
Vyote vinne vimeziba. Na habu za kufunga kwa mkono ninazo.

Karafuu79
Hapo umeshapata jibu la vifuniko. Kuhusu (c), JWL ni alama ya Kijapani ya rimu za aloi kwamba zimetimiza kiwango chao. Inapigwa hata kwenye rimu za kampuni za pembeni ambazo hazijawahi kuingia kiwanda cha Toyota. Kwa hiyo inakwambia kitu kuhusu uimara, haikwambii zilitoka na gari gani.

Na nati sita zisikudanganye. Hilux 4x4, Isuzu TF, Nissan Hardbody 4x4, zote ni nati sita kwenye duara la milimita 139.7, yaani duara linalopita katikati ya matundu ya nati. Ndiyo maana pikapu za huku zinavaa rimu za kila kabila. Mie nilinunua za Nissan kwa Hilux yangu, matundu yakakaa sawa, lakini tundu la kati lilikuwa dogo, rimu ikagoma kwenye habu ya mbele. Nikarudi nazo kwenye boti.

Kupima duara: weka tepu ukingo wa nje wa tundu moja, uivute hadi ukingo wa ndani wa tundu linalotazamana nalo. Njia hiyo haifai kwa nati tano, kama Land Cruiser pikapu za kuanzia 1999, maana hakuna tundu linalotazamana na jengine.

MamaSpea_Chake
Nauza spea miaka mingi, hizo za (b) si zangu. Rimu inasomwa mgongoni. Chukua kitambaa na mafuta ya taa, usugue karibu na tundu la vali na kati ya matundu ya nati. Pole pole zinatoka herufi. Ukikuta kitu kama 15×6JJ, hiyo ni inchi 15 kipenyo, inchi 6 upana, na JJ ni umbo la ukingo unaoshika tairi. Mara nyingi kuna alama ya aliyeitengeneza na tarehe. Tarehe ya rimu hutangulia ya gari kidogo, haiji nyuma yake. Rimu ya 1991 kwenye gari ya 1986 imeletwa baadaye.

Halafu tazama pale sahani ya kati inapoungana na duara la nje. Weldingi ya kiwandani imekwenda sawasawa kila upande. Ukiona mistari yenye vinundu, au mkanda umezunguka rimu nzima, imekatwa ikapanuliwa. Hiyo usiinunue hata kwa bure, mwanangu, utabebea watu. Na rangi mpya ya fedha ndiyo inayoficha haya. Kutu ya juu juu mimi naiamini zaidi, kwa sababu inaonyesha kila kitu.

DatsunMkoani
Naunga mkono. Datsun 1200 yangu niliitambua rimu hivyo hivyo, inchi 12, nati nne. Vifuniko vilikuwa vimeandikwa NISSAN, nikajua vimebadilishwa, kwa sababu gari yenyewe ilitoka wakati Nissan bado wanaiuza kwa jina la Datsun.

MtotoWaWete
Nimerudi kutoka Chake. Nimesugua zote tano. Nne zina ukubwa mmoja, alama moja ya mtengenezaji, na tarehe za 1985 na 1986. Ya tano ni nyembamba zaidi, nimeiacha. Nikarudi nyumbani nikalinganisha na rimu ya akiba iliyofungwa chini ya kitanda cha gari, ambayo hakuna aliyeigusa tangu baba. Nilipofuta matope, alama ni ile ile.

Nimelipa laki mbili kwa nne. Mama aliposikia natafuta vifuniko akaenda stoo, akarudi na mfuko wa karafuu. Ndani kimo kimoja cha nyuma, bati limebonyea ubavuni, TOYOTA inasomeka. Sasa natafuta mwenzake, na viwili vya mbele vyenye tundu. Mwenye navyo aniandikie.