Ati "bakapu mliweka wapi?" Fundi wa seva kaniua mchana kweupe hapa Dodoma

Wakuu, naandika nikiwa nimekaa juu ya katoni za sabuni ghalani Kizota, mikono inatetemeka. Mkiona herufi zimeruka msinisahihishe.

Huyu fundi mnamjua. Dodoma nzima mnamjua. Simu tatu, kadi yake ya biashara ina vyeo saba na namba imeandikwa kwa kalamu. Simtaji, maana atakuja humu kujibu kwa Kiingereza.

Biashara yetu ya jumla imekua. Tulianza na Kenta moja na kauntabuku, sasa magari sita yanashusha Bahi, Mpwapwa, Kibaigwa mpaka Manyoni. Kompyuta ya zamani ilikuwa ukifungua ankara, unachemsha chai, unakunywa, unaosha kikombe, bado inafikiria. Bosi akasema aletwe mtu atufungie seva. Akaja yeye. Diski nne za terabaiti nne nne, akazifunga, akasimama katikati ya stoo kama anahutubia: "Terabaiti 16, na spidi ya SGR!" Tukapiga makofi. Nina aibu, ila nilipiga.

Leo asubuhi diski moja ikaanza kulia tik tik tik kama mjusi ukutani. Saa nne hakuna kitu. Ankara, oda, hesabu ya mzigo, mali kauli, yaani mizigo waliyochukua wateja kwa mkopo. MALI KAULI wakuu!

Nampigia, anafika saa nane anamumunya ubuyu. Anakaa kwenye kiti changu. Ananyonya kidole cha shahada, kile chekundu, anakipangusa kwenye suruali, anabonyeza kitufe kikubwa cha upande wa kulia, kinabaki na alama nyekundu. Kimya. Anatema kokwa kiganjani. Ananigeukia:

"Bakapu mliweka wapi?"

MLIWEKA! Sisi! Mimi stoo kipa niliyekuwa nje nahesabu madumu ya mafuta ndiye nilitakiwa kuweka bakapu, nakala ya akiba ya mafaili!

Diski kufa nasamehe, diski ni chuma. Ila kuulizwa hivyo, shavu limejaa ubuyu? Sijawahi kuulizwa swali la namna hii, hata siku ya posa.

Saa tisa kapiga mteja wa Kibaigwa, ana mali kauli ya katoni 80. Hata salamu hakuna: "Stoo, nasikia kompyuta yenu imefariki. Poleni sana. Basi mimi na nyie hatudaiani." Habari imefika Kibaigwa kabla ya gari letu!

Alama ya kidole bado ipo kwenye kitufe. Siifuti. Ni ushahidi.

Kipara wa Area D: Mbukwenyi. Mleta uzi, tusizunguke. Bakapu mliweka wapi? 😂

Mama Nkuhungu: Mlimlipa shilingi ngapi kwanza?

Mleta uzi: Laki moja na nusu, na chakula cha mchana.

Mama Nkuhungu: Sasa si amekula?

Fundi Kimya: Mkuu pole. Diski 4 za terabaiti 4 ukipewa nafasi yote 16, jua umefungiwa RAID 0 (RAID ni mpango wa kuunganisha diski zifanye kazi kama moja). Kila faili linakatwakatwa, vipande vinagawiwa diski zote. Ikifa moja, tatu zilizobaki zinashika makombo. Angefunga RAID 5 mngepata 12, RAID 10 mngepata 8, diski moja ingekufa na nyie mnaendelea kuuza. Lakini hata hiyo si bakapu, ukifuta ankara kwa bahati mbaya inafutika kotekote. Mnatakiwa nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ilale nje ya jengo hilo. Hizo diski msiziguse tena, asije akazifomati. Na hiyo seva mmeiweka wapi?

Mleta uzi: Juu ya friji ya soda. Pale mlangoni, penye upepo.

Fundi Kimya: Kwa vumbi la Kizota. Sina swali lingine.

Mleta uzi: Mkuu hunielewi, ALIKUWA ANAKULA UBUYU. Kidole chekundu kwenye kitufe changu!

Kijana wa Majengo: Bora wewe. Mimi nilinunua diski ya nje mtaani, kwa nje imeandikwa terabaiti 2, elfu thelathini na tano. Nikajaza picha za harusi ya dada. Siku ya kuzitazama, zaidi ya nusu hazifunguki. Nimepasua: ndani kuna kikadi kama cha simu na nati mbili kubwa za kuongeza uzito. Dada hajanisemesha tangu Pasaka.

Kipara wa Area D: Terabaiti 2 kwa elfu thelathini na tano ukaona sawa? Ulilipia nati.

Babu Kauntabuku: Mimi na daftari langu tangu 1994. Halina RAID, halikai juu ya friji.

Mama Nkuhungu: Na mchwa je, babu?

Babu Kauntabuku: Walikuja mara moja tu, 2009. Walikula kurasa za Mpwapwa. Mpwapwa walifurahi sana.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. Bakapu MLIWEKA wapi. Mliweka!

Binti Kondoa: Samahani wakuu, huo ubuyu ni wa Zanzibar au wa huku kwetu? Wa huku mbona hauchafui vidole hivyo.

Kijana wa Majengo: Dada, nyekundu yote ni rangi ya kutia. Mbuyu unatoa unga mweupe.

Binti Kondoa: Najua, nimezaliwa chini ya mbuyu. Nauliza kama una iliki.

Mleta uzi: Una iliki.

Mama Nkuhungu: Wewe umejuaje una iliki?

Mleta uzi: Alinikaribisha. Nikaonja kidogo.

Kipara wa Area D: 😂😂😂 Kwa hiyo hicho kidole kwenye kitufe tuna uhakika ni cha nani?

Binti Kondoa: Anaununua wapi, Majengo au Sabasaba?