Mrejesho: swichi ya PoE ya bei nafuu kwa kamera 4 na akses pointi 1

Wakuu, niliuliza kama swichi ya PoE (inayopitisha umeme na data kwenye waya mmoja wa mtandao) ya bei ya chini ingetosha kamera 4 na akses pointi moja (kifaa cha kurusha Wi-Fi). Nimeshanunua, mwezi sasa.

Aliyeniambia nihesabu wati kabla ya poti, asante sana. Ile niliyoitamani ilikuwa na poti 8, kumbe za PoE ni 4 tu! Nikachukua yenye PoE poti zote 8, jumla wati 120, haina feni wala mipangilio. Kamera zangu ni za kiwango cha PoE kiitwacho 802.3af: poti hutoa hadi wati 15.4, kifaa kinahakikishiwa 12.95, nyingine huweza kupotelea kwenye waya. Akses pointi inataka kiwango cha juu zaidi, 802.3at, yaani hadi wati 30 kwenye poti.

Kasoro ilikuwa moja. Kamera ya mbali ilijizima kila usiku taa zake za infraredi zikiwaka. Nikailaumu swichi bure, hata nikaifungasha niirudishe. Mchawi alikuwa waya: alumini iliyopakwa shaba, inayopoteza umeme zaidi njiani. Nimeweka wa shaba tupu, haijazima tena.

Poti 3 bado ziko wazi, na nyumbani wameshaanza kudai kamera ya getini.