Sheha kutaka pesa ndo aandike barua, ni jinai au kosa la kazi tu?

Mkaazi_Wete:
Asalam alaykum jamani, nnaomba kueleweshwa. Mdogo wangu anashughulikia kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, kenda kwa sheha kuchukua barua kaambiwa alete elfu kumi ya wino, risiti hamna, yeye hakutoa karudi zake na barua mpaka leo hajapewa. Wazee wanasema tumwambie Mkuu wa Wilaya amkanye yaishe. Sasa pesa haikutoka, kesi ipo kweli? Na TAKUKURU huku wapo wapi?

BintiMkoani:
Waalaykum salaam. TAKUKURU ni ya Bara kaka, sheria yao ya 2007 haifanyi kazi huku. Kwetu ni ZAECA, yaani mamlaka ya kuzuia rushwa na uhujumu uchumi Zanzibar, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2012, na Pemba wapo.

Baba Nasra:
Kesi ipo. Kuomba tu tayari ni kosa, si lazima pesa ipite mkononi, na sheha ni mtu wa serikali sawasawa na karani au afisa yeyote, na kule kuizuia barua ambayo ni haki ya mtu ili apate chochote kunaweza kuwa matumizi mabaya ya madaraka, kosa jengine mbali na rushwa. Watu wetu wanachanganya hapa: mtu akikaripiwa au akitolewa kazini wanaona yamekwisha, kumbe hiyo ni nidhamu ya kazi, jinai inabaki pale pale na anayeamua kushtaki ni Mkurugenzi wa Mashtaka, si Mkuu wa Wilaya.

kijana_wa_Chake:
Mie naona tumwoneeni huruma kidogo, masheha posho yao ndogo na watu wanawagongea mlango mpaka usiku

Baba Nasra:
Posho ndogo adai kwa waliomteua, asimdai mtoto wa mtu anotafuta kitambulisho. Bila kile kitambulisho hata kujiandikisha kura ni tabu, ndo maana inaniuma. Mkaazi, mdogo wako asije akatoa hiyo elfu kumi ndo akaripoti, maana mtoaji nae anaingia kwenye sheria. Aandike siku aloambiwa, maneno yenyewe na nani alikuwepo, kisha aende ZAECA mwenyewe, si kwa kutuma mtu.

Mkaazi_Wete:
Shukran sana. Alikuwepo na jirani yetu mmoja akisubiri barua yake, alisikia kila kitu, ntamuuliza kama yuko tayari kusema.