Tupeane uzoefu: Kampuni ya simu au intaneti ilipobadilisha masharti katikati ya mkataba, ulifanyaje?

Kalamu Nyeusi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu. Uzi huu ni wa wale waliowahi kupokea ile meseji: "Ndugu mteja, kuanzia tarehe fulani masharti ya huduma yako yatabadilika. Kuendelea kutumia huduma kunamaanisha umeyakubali." Wengi tunaifuta pamoja na za promosheni, na haki yetu inafutika humo humo. Kila mwenye kisa akiweke: ulibadilishiwa nini, ulidai nini, mliishia wapi. Majina ya kampuni tusitaje, ila taja nchi uliyopo kwa sababu sheria zinatofautiana mno.

Naanza mimi. Niko Ujerumani, nina intaneti ya nyumbani kwa mkataba wa miezi 24. Kabla hata mwaka haujaisha ikaja barua ya kupandisha ada ya mwezi. Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa sifa za mtandao wao. Ongezeko lenyewe lilikuwa ukurasa wa pili, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, sentensi moja: mteja anaweza kusitisha mkataba bila gharama. Nikapiga simu huduma kwa wateja. Yule dada akaniambia nikitoka nitalipa miezi yote iliyobaki. Nikamwomba anisomee mwisho wa barua yao wenyewe, akasema hana barua hiyo kwenye skrini yake.

Sheria ya mawasiliano ya huku, kifungu cha 57, inayotumika tangu tarehe 1 Desemba 2021, inasema hivi: kampuni ikibadilisha mkataba kwa uamuzi wake peke yake, mteja ana haki ya kutoka bila faini. Taarifa lazima ije angalau mwezi mmoja kabla ya badiliko, na isizidi miwili. Ukishaipokea una miezi mitatu ya kuamua. Mabadiliko ya aina tatu tu ndiyo hayakupi haki hiyo: yanayomnufaisha mteja peke yake, ya kiutawala yasiyomdhuru, na yaliyolazimishwa moja kwa moja na sheria. Niliandika barua fupi, nikataja kifungu na tarehe ya taarifa yao, nikaituma kwa rejista. Uthibitisho wa kusitisha ukaja bila deni lolote.

Kilichonishangaza ni kwamba sikuhitaji kubishana na mtu. Nilihitaji kuandika kabla muda haujapita, basi.

Mama Wawili

Asante mkuu kwa uzi huu. Mimi niko Tanzania, na kwetu wengi hatuna hiyo mikataba ya miezi 24, tunaishi kwa bando. Kwa hiyo mtu anadhani hana mkataba wowote. Unao! Kila unapojiunga kifurushi umelipa kwa masharti uliyoonyeshwa pale kwenye menyu: MB hizi, dakika hizi, siku hizi. Ukishalipa, hiyo ndiyo ahadi.

Kisa changu: nilijiunga cha mwezi chenye dakika za mitandao yote. Katikati ya mwezi nikipiga mtandao mwingine simu inakata salio la kawaida. Kuangalia menyu, kile kifurushi kimebadilishwa, dakika sasa ni za mtandao wao pekee. Bahati nzuri mimi sifuti meseji za kujiunga. Ile meseji ilikuwa na saa, tarehe na neno "mitandao yote" wazi kabisa. Nikaenda dukani kwao. Kijana wa kaunta akasema mfumo ndivyo ulivyo. Nikamwambia mdogo wangu, mfumo ulibadilika tarehe hii, mimi nililipa tarehe hii, soma mwenyewe. Akaenda kwa msimamizi, wakarudi wakanirudishia dakika na salio lililokatwa.

Wanaobadilisha kwa wateja wapya wana nafasi yao. Kumbadilishia aliyekwisha kulipa ni jambo jingine kabisa, na hapo usikubali.

Mtoto wa Pwani

Dada umesema kweli. Mnakumbuka Aprili 2021? Tarehe 2 vifurushi vipya vilianza kutumika Tanzania, watu wakaamka wakakuta pesa ile ile inanunua kidogo sana. Kelele zilikuwa kubwa mpaka serikali ikaagiza visitishwe, vya zamani virudi. Ilisaidia wote kwa pamoja. Lakini kwa shida yako binafsi kelele za mtandaoni hazitoshi, lazima ufuate ngazi: kwanza kampuni yenyewe, kwa maandishi, wakupe namba ya lalamiko. Wasipokuridhisha, unakwenda TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini. Na lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lililoundwa chini ya Sheria ya TCRA ya 2003, kazi yake ni kumsemea mtumiaji. Watu wengi hawajui hata kama lipo.

Ukienda ngazi ya juu bila ile namba ya lalamiko watakurudisha mwanzo. Yalinikuta.

Faiba Mtaani

Kenya hapa. Langu ni la intaneti ya nyumbani, na nitaeleza kwa urefu kidogo maana naona likiwapata wengi.

Nilipojiunga niliandikiwa kwenye fomu "bila kikomo". Miezi kadhaa baadaye kampuni ikaweka kiwango cha matumizi: ukifika hapo, spidi inashuka hadi mwisho wa mwezi. Hawakupandisha bei, na kwenye meseji yao hakukuwa na neno "punguza" popote. Waliita "sera ya matumizi ya haki". Kwangu ilimaanisha kuanzia wiki ya tatu ya kila mwezi watoto hawawezi kufungua somo la video, na mimi kwenye kikao cha kazi nasikika kama niko chini ya maji.

Hapo ndipo nataka watu waelewe: badiliko la masharti si bei peke yake. Spidi kupungua, kiwango kuwekwa pale ambapo hakikuwepo, ada mpya ya kufungiwa ruta, muda wa kifurushi kufupishwa, siku ya kulipa kusogezwa mbele, yote hayo ni mkataba kubadilika. Bei ikibaki ile ile huku ulichonunua kimepungua, umepandishiwa bei.

Nilifanya hivi. Nikapima spidi usiku na mchana, kebo ikiwa imechomekwa moja kwa moja kwenye ruta ili wasiseme ni waifai ya nyumbani, nikahifadhi skrinishoti zikionyesha tarehe. Nikatafuta ile fomu ya mwanzo. Nikaandika barua pepe nikiambatisha vyote, nikawaambia nachagua moja kati ya mawili: mnirudishie huduma niliyonunua, au nirudishe ruta mnipe amana yangu na tuachane bila faini. Nikataja Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010, inayompa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaostahili, haki ya kupata taarifa za kutosha, haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro ya huduma. Nikaongeza kwamba jibu lisiporidhisha nitapeleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano.

Jibu la kwanza lilikuwa lile la kunakili na kubandika. Nikalijibu kwa sentensi moja tu, nikiuliza kama hilo ndilo jibu lao la mwisho ili niliambatishe. Ndipo akanipigia mtu mwenye mamlaka. Nikarudisha ruta, amana ikaja.

Kijana wa Zamu

Samahani wakubwa, naomba kuuliza. Mimi niko Ufaransa, nimechukua simu kwa mkataba, nalipa kidogo kidogo pamoja na laini. Wakipandisha bei ya laini nikatoka, simu inakuwaje? Watainyang'anya?

Kalamu Nyeusi

Swali zuri sana, mdogo wangu. Hawainyang'anyi, lakini huondoki nayo bure pia. Haki ya kutoka bila gharama, ambayo nchi zote za Umoja wa Ulaya zinatakiwa kuwa nayo kwa Maelekezo ya 2018/1972 (sheria ya Umoja ambayo kila nchi huiingiza kwenye sheria zake), Ibara ya 105, ina sehemu ya kifaa. Ukiamua kubaki na simu uliyopewa pamoja na mkataba, fidia wanayoweza kukudai haizidi kimoja kati ya viwili, kile kilicho kidogo: thamani iliyobaki ya simu kwa kadiri ya muda uliopita, kama mlivyokubaliana mwanzoni, au ada za huduma zilizobaki hadi mwisho wa mkataba. Waombe hesabu hiyo kwa maandishi kabla hujasitisha. Na angalia muda wa nchi uliyopo. Maelekezo yanaweka angalau mwezi mmoja tangu upewe taarifa, nchi inaruhusiwa kuufikisha miezi mitatu kama Ujerumani ilivyofanya.

Msafiri wa Reli

Uingereza hapa, na kisa changu ni cha kushindwa, nacho kiwekwe.

Bei yangu ilipanda katikati ya mkataba, nikaandika barua nikiwa na uhakika natoka bure. Wakanijibu kwamba hakuna kilichobadilika. Nikarudi kwenye mkataba: kweli, kilikuwepo kifungu kwamba kila mwaka bei itapanda kwa kiwango cha mfumuko wa bei pamoja na asilimia 3.9. Mfumuko wa Desemba 2022 huku ulikuwa asilimia 10.5. Jumlisha mwenyewe, ni asilimia 14.4 kwa mpigo. Kisheria lile halikuwa badiliko, lilikuwa utekelezaji wa nilichosaini. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya nayo ilishasema jambo linalofanana mwaka 2015, katika kesi ya Austria: bei ikipanda kwa kufuata fahirisi ya bei, yaani kipimo cha mfumuko wa bei, ya taasisi ya umma iliyotajwa ndani ya mkataba, haki ya kujitoa haifunguki.

Baadaye Ofcom, wasimamizi wa mawasiliano huku, wenyewe waliona wateja hawana namna ya kujua watalipa kiasi gani. Kwa mikataba mipya kuanzia tarehe 17 Januari 2025, ongezeko lolote lazima litajwe kwa pauni na peni, na tarehe yake, kabla hujasaini. Kupandisha kwa kufuata mfumuko wa bei usiojulikana kumepigwa marufuku. Kwangu ilichelewa, lakini ni ushindi wa kweli kwa wanaokuja.

Kwa hiyo kabla hujaandika barua ya hasira, soma kwanza kama ongezeko hilo lilikuwamo tangu mwanzo.

Mpenda Haki

Lakini wakuu, mikataba karibu yote ina kile kifungu cha "kampuni inaweza kubadilisha masharti haya wakati wowote". Umesaini. Sasa unadai nini?

Kalamu Nyeusi

Kusaini hakukifanyi kifungu kuwa halali. Ulaya kuna Maelekezo ya 93/13 ya mwaka 1993 kuhusu masharti yasiyo ya haki. Orodha yake inataja waziwazi sharti linalompa mfanyabiashara uwezo wa kubadilisha mkataba peke yake bila sababu halali iliyoandikwa humo. Na kuhusu ile ya "ukinyamaza umekubali", Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani tarehe 27 Aprili 2021 ilibatilisha vifungu vya namna hiyo. Kesi ilikuwa ya benki, si ya simu, ila hoja ni ile ile: ukimya wa mteja haugeuzwi kuwa sahihi kwa kila kitu.

Mama Wawili

Na simu za mauzo jamani, msizisahau! Mdogo wangu yuko Uholanzi, alipigiwa akaambiwa "tunakuongezea GB bila kulipa zaidi, unakubali?" Akasema ndiyo. Kumbe amefunguliwa mkataba mpya kabisa, muda unaanza kuhesabiwa upya. Hapo si kampuni iliyobadilisha, ni wewe umekubali kwa mdomo. Kilichomwokoa ni siku 14 za kujitoa kwenye mikataba ya simu na mtandaoni, ambazo sheria ya Ulaya inampa kila mtumiaji.

Mlinzi wa Usiku

Afrika Kusini. Huku hata bila badiliko lolote mlango upo. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2008, kifungu cha 14, inakuruhusu kusitisha mkataba wa muda maalumu wakati wowote kwa notisi ya siku 20 za kazi. Watakutoza kitu, lakini kiwe cha kiasi, si miezi yote iliyobaki. Mimi walinidai yote iliyobaki. Nikawauliza kwa barua pepe wamefikaje kwenye tarakimu hiyo, wanichanganulie. Mchanganuo haukuja, ikaja hesabu mpya ndogo zaidi. Nikalipa, nikaondoka. Kwa wenye bando: tangu 2019 hawaruhusiwi kukutoza data ya nje ya kifurushi bila ridhaa yako.

Kijana wa Zamu

Nashukuru sana wakubwa zangu. Naombeni basi mfano wa barua yenyewe, mimi kuandika kunanishinda.

Faiba Mtaani

Iwe fupi, ndugu yangu. Usisimulie maisha. Ya kwangu ilikuwa karibu hivi, rekebisha kulingana na nchi yako:

"Mimi ni mteja wenu, namba ya akaunti hii. Tarehe hii mlinitaarifu kwamba mtabadilisha jambo hili kuanzia tarehe hii. Mkataba niliosaini, nakala nimeambatisha, unasema hivi. Sikubali badiliko hilo. Naomba huduma iendelee kwa masharti ya awali, na kama haiwezekani, nasitisha mkataba bila gharama kuanzia siku badiliko linapoanza. Nikiendelea kutumia huduma hadi siku hiyo isichukuliwe kuwa nimeridhia. Naomba namba ya lalamiko na jibu la maandishi."

Ile sentensi ya kuendelea kutumia huduma usiiache, ndiyo wanayopenda kuishika. Na zima malipo ya moja kwa moja ya benki baada tu ya kupata uthibitisho, si kabla. Ukiyazima mapema wanakuhesabu mdaiwa, na mnaanza kugombania deni badala ya mkataba.